Shajara ya mradi: mwongozo wa Kiswahili kuhusu nani anaruhusiwa kufanya kazi ng'ambo

Machi 2025

Mradi huu umetokana na maswali yanayoletwa kila wiki katika ofisi yetu ndogo ya ushauri wa vijana hapa Tanga. Anayeingia huwa na simu mkononi, na ndani ya simu mna tangazo la kazi ya Uingereza, Ujerumani, Oman au Dubai lililopita katika makundi kadhaa ya WhatsApp kabla ya kumfikia, naye huomba tumsaidie kuandika barua ya maombi na kupanga wasifu wake. Barua haina shida. Linalochukua muda, na ambalo ni nadra kulikuta limeelezwa kwa Kiswahili kinachoeleweka, ni kujua kama mtu huyu, kwa uraia alionao, vyeti alivyonavyo na kazi anayoiomba, anaruhusiwa kisheria kuifanya kazi hiyo katika nchi hiyo. Tumeamua kuandika mwongozo juu ya jambo hilo, na shajara hii itaweka kumbukumbu ya yale tunayoyathibitisha na sababu za kuyapanga tulivyoyapanga.

Tumekubaliana kwanza kuyatenganisha mambo matatu ambayo kwa kawaida huchanganywa. La kwanza ni sheria ya uhamiaji: je, nchi ile ina viza au kibali kinachomruhusu mgeni kuifanya kazi hii? La pili ni mwajiri: je, yeye mwenyewe ana idhini ya kuajiri mtu kutoka nje, na yuko tayari kubeba wajibu unaofuatana na idhini hiyo? La tatu ni taaluma: je, baraza au bodi inayosimamia kazi hiyo kule inavitambua vyeti vilivyotolewa hapa? Muuguzi aliyesajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania anaweza kufaulu mitihani yote ya taaluma ya Uingereza na bado akakwama kwa sababu kituo kilichomtaka hakina leseni ya kudhamini wafanyakazi. Fundi anaweza kupata mwajiri anayemhitaji kwa dhati, akakwama kwa sababu kazi yake haimo katika orodha ya kazi zinazokubaliwa. Majibu yote matatu yanatakiwa yawe "ndiyo" kwa wakati mmoja, na kwa kuwa kila hatua ina ada yake, anayeanzia mahali pasipofaa huwa amekwisha kulipa kabla ya kujua kwamba njia imefungwa.

Aprili 2025

Mwezi huu tumeshughulikia fomu za maombi zenyewe. Waajiri wengi wa Uingereza na Marekani huweka maswali mawili karibu na mwanzo wa fomu ya mtandaoni. Moja huuliza kama mwombaji ana haki ya kufanya kazi katika nchi hiyo. La pili huuliza kama, sasa au baadaye, atahitaji mwajiri amdhamini ili apate viza. Tumewaomba vijana kadhaa wazijaze fomu hizo mbele yetu, na tumeona kwamba wengi huweka alama ya "ndiyo" kwenye swali la kwanza bila kusita. Mmoja wao, mhitimu wa chuo mwenye vyeti vilivyopangwa vizuri ndani ya bahasha ya plastiki, alitueleza sababu yake: ana pasipoti halali, umri unatosha, hana kosa la jinai, kwa hiyo haki ya kufanya kazi anayo. Hoja yake ina mantiki, lakini fomu haiulizi hivyo. Pasipoti ya Tanzania inamruhusu mtu kusafiri. Haimpi ruhusa ya kuajiriwa katika nchi ya watu wengine. Kwa Mtanzania anayeishi Tanga, asiye na uraia mwingine wala ukaazi wa nchi ile, jibu la kweli la swali la kwanza ni "hapana", na la pili ni "ndiyo".

Tumeona ni lazima mwongozo ueleze kwa nini maswali haya yapo, kwa sababu mtu akielewa sababu hulijibu swali vizuri zaidi kuliko akipewa amri. Nchini Uingereza, mwajiri anayekutwa na mfanyakazi asiye na ruhusa anaweza kutozwa hadi paundi 45,000 kwa kila mfanyakazi katika kosa la kwanza, na hadi paundi 60,000 akirudia. Viwango hivyo vilianza Februari 2024. Nchini Marekani, tangu sheria ya uhamiaji ya mwaka 1986, kila mwajiri anapaswa kukagua hati za kila anayemwajiri na kujaza fomu maalumu inayojulikana kama I-9. Mwajiri anayeuliza mapema anajikinga na adhabu, na wakati mwingine mfumo wa kompyuta humwondoa mwombaji papo hapo kwa sababu nafasi ile haikutengewa fedha za udhamini.

Hapo ndipo lilipozuka suala ambalo tulilijadili kwa muda mrefu kuliko yote. Baadhi ya vijana wanasema kwamba jibu la kweli huwafungia mlango, na kwamba ni afadhali kuweka "ndiyo" ili angalau wafike kwenye usaili, kisha waeleze hali yao. Tunaielewa shauku hiyo, na tumeandika jibu letu bila kuizunguka. Hati hukaguliwa kabla ya kazi kuanza au mara tu inapoanza, kwa hiyo uongo huo hugundulika, na ofa huondolewa kwa mtu ambaye mwajiri sasa anamhesabu kuwa si mwaminifu. Uongo ukiingia katika maombi ya viza yenyewe, sheria za uhamiaji za Uingereza zinaruhusu mwombaji azuiwe kwa miaka 10. Badala ya kubadilisha jibu, mwombaji anapaswa kubadilisha orodha ya waajiri anaowaandikia, na kazi ya mwezi ujao ni kuonyesha jinsi ya kuipata orodha hiyo.

Mei 2025

Serikali ya Uingereza huchapisha orodha ya wazi ya waajiri wote wenye leseni ya kudhamini wafanyakazi kutoka nje. Ni faili ndefu ya jedwali ambayo mtu yeyote anaweza kuipakua bila malipo, na husasishwa mara kwa mara. Tumeifungua kwenye kompyuta ya ofisi na kuipitia safu baada ya safu pamoja na vijana waliokuja na matangazo yao: jina la taasisi, mji, kaunti, aina na daraja la leseni, na mwisho njia ya viza ambayo leseni hiyo inaihusu. Safu hii ya mwisho ndiyo isiyosomwa. Taasisi inaweza kuwamo katika orodha, lakini leseni yake ikawa ya wasanii wa muda au ya wafanyakazi wa hisani, na leseni ya namna hiyo haimwezeshi kuajiri mpishi, mhasibu au muuguzi chini ya viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi. Katika ukurasa wa mwongozo tumeweka picha ya mstari mmoja uliokatwa kutoka katika jedwali hilo, tukaiwekea mshale safu ya njia ya viza.

Jina kuwamo katika orodha pia hakuthibitishi kwamba tangazo limetoka kwa mwenye jina. Matapeli huchukua majina kutoka katika orodha hiyohiyo. Mama mmoja alituletea barua iliyopigwa mihuri miwili ya rangi, yenye jina la hospitali halisi na maneno makubwa yanayosema kuwa ni hati ya udhamini, pamoja na ombi la kutuma fedha kwa njia ya simu ili hati hiyo "iamshwe". Tulimweleza mambo ambayo sasa yamo katika mwongozo. Hati ya udhamini ya Uingereza, ambayo kwa kifupi huitwa CoS, si karatasi. Ni rekodi ya kielektroniki ambayo mwajiri huiunda ndani ya mfumo wa idara ya uhamiaji, na mwombaji hupewa namba yake ya marejeo anayoitumia katika maombi ya viza ndani ya miezi 3. Haiuzwi. Ada ya kutoa hati hiyo ni ya mwajiri, na tangu tarehe 31 Desemba 2024 mwajiri anayemdhamini mfanyakazi mwenye ujuzi haruhusiwi kumrudishia mfanyakazi mzigo wa ada hiyo wala wa ada ya leseni. Kwa hiyo anayeomba fedha kwa ajili ya CoS ni tapeli, au ni mwajiri anayevunja masharti ya leseni yake. Mama yule hakutuma fedha.

Gharama ambazo kwa haki ni za mwombaji nazo tumezitaja, maana watu wakiambiwa tu "usilipe chochote" hushtuka wanapokutana na ada halali. Mwombaji hulipia viza na mtihani wa lugha. Mtanzania anayekwenda kukaa zaidi ya miezi 6 hutakiwa pia kupimwa kifua kikuu katika kituo kilichoidhinishwa. Anatakiwa kuonyesha paundi 1,270 zilizokaa katika akaunti yake kwa siku 28 mfululizo, isipokuwa mwajiri amethibitisha kwamba atamhudumia mwanzoni. Anayeomba kazi ya afya, elimu au huduma za jamii huongeza cheti cha polisi cha kila nchi aliyoishi kwa miezi 12 au zaidi katika miaka 10 iliyopita.

Juni 2025

Tanga iko karibu na mpaka, na matangazo ya Mombasa na Nairobi hutufikia kama ya kwetu. Kwa sababu hiyo tumeandika sura inayojitegemea juu ya uraia.

Mwaka 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano kuhusu wahudumu wa afya, na chini ya kanuni za maadili za Uingereza Kenya imewekwa katika kundi la nchi ambazo waajiri wanaweza kuajiri kutoka kwake kwa kufuata makubaliano hayo. Tanzania imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 55, iliyotolewa mwaka 2023, zenye upungufu mkubwa wa wahudumu wa afya, na kanuni za Uingereza zinawakataza waajiri na mawakala kwenda kuwatafuta wahudumu katika nchi hizo. Hii ina maana kwamba wakala anayefanya mkutano hotelini Tanga au Dar es Salaam kuwaandikisha wauguzi kwa ajili ya hospitali za Uingereza anakwenda kinyume na kanuni. Haina maana kwamba muuguzi Mtanzania amezuiwa. Anaweza kuliona tangazo mwenyewe na kumwandikia mwajiri moja kwa moja, bila wakala katikati, na maombi yake yakapokewa kama ya mwingine yeyote. Tumelirudia jambo hili mara mbili katika ukurasa mmoja, kwa makusudi, kwa kuwa wauguzi wengi tuliozungumza nao walikuwa wamesikia nusu yake tu.

Kuhusu Ujerumani, bado kuna watu wanaotuuliza juu ya "ajira 250,000". Makubaliano ya uhamiaji wa wafanyakazi kati ya Kenya na Ujerumani yalitiwa saini Berlin mwezi Septemba 2024. Habari kwamba Ujerumani ingewapa Wakenya ajira 250,000 zilienea wiki hiyohiyo, na Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ujerumani ikazikanusha: makubaliano hayana idadi yoyote, na kila mwombaji anapaswa kutimiza masharti yaleyale ya sheria ya Ujerumani. Kwa Mtanzania kuna la ziada, nalo ni kwamba nchi yake haikuwa sehemu ya makubaliano hayo.

Julai 2025

Tarehe 22 Julai Uingereza imebadilisha masharti kwa kiwango kikubwa, na sura yetu ya Uingereza imelazimika kuandikwa upya. Dalili zilikuwepo tangu waraka wa serikali wa tarehe 12 Mei, lakini tulisubiri kanuni zenyewe kabla ya kugusa maandishi. Sasa kazi inayodhaminiwa, isipokuwa chache zilizo katika orodha maalumu za muda, lazima iwe ya ngazi ya elimu ya shahada, na kiwango cha jumla cha mshahara kimepanda kutoka paundi 38,700 hadi paundi 41,700 kwa mwaka. Wauguzi wamebaki ndani, kwa sababu kazi yao ni ya ngazi hiyo na wanaolipwa kwa viwango vya kitaifa wana kima chao cha chini kilicho pungufu ya hicho.

Waliofungiwa ni watunzaji wa wazee na wagonjwa majumbani na katika vituo. Njia yao ilifunguliwa Februari 2022, wakazuiwa kuja na wenza na watoto kuanzia Machi 2024, na sasa maombi mapya kutoka nje ya Uingereza hayapokelewi kabisa. Inauma kuliandika hili, kwa sababu katika ofisi yetu hiyo ndiyo kazi iliyokuwa ikiulizwa kuliko nyingine zote, hasa na wanawake waliowahi kuuguza wazazi wao na wanaoijua kazi hiyo vizuri bila ya kuwa na shahada. Matangazo ya zamani bado yanazunguka, mengine yakiwa yametoka kwa waajiri halisi ambao wakati ule walikuwa na haki ya kuajiri. Tumeamua kwamba kila ukurasa wa mwongozo uwe na tarehe ya kuthibitishwa juu kabisa, kwa herufi nene, na msomaji aambiwe asitegemee ukurasa wowote uliopita miezi 6 bila kuuliza.

Septemba 2025

Ujerumani ina njia moja isiyodai ofa ya kazi mapema, ambayo huitwa Chancenkarte. Sisi tumeiita Kadi ya Fursa. Ilianza tarehe 1 Juni 2024, nayo humruhusu mtu kuingia na kutafuta kazi kwa muda wa hadi mwaka mmoja, huku akiweza kufanya kibarua cha hadi saa 20 kwa wiki. Lango lake ni shahada, au mafunzo ya ufundi ya angalau miaka 2, yanayotambuliwa na serikali ya nchi yalikotolewa, pamoja na Kijerumani cha ngazi ya A1 au Kiingereza cha ngazi ya B2 (ngazi za lugha za Ulaya hupanda kutoka A1, ya mwanzo kabisa, hadi C2). Baada ya lango ndipo huhesabiwa alama, na zinatakiwa 6.

Tumeifanya hesabu hiyo mbele ya fundi mmoja mwenye umri wa miaka 29. Kwa kuwa hajafika miaka 35, anapata alama 2. Ana uzoefu wa miaka 2 ndani ya 5 iliyopita, baada ya kuhitimu, katika fani aliyosomea, kwa hiyo anaongeza 2. Kijerumani chake ni A2, ambacho ni alama 1. Jumla ni 5, na hapo ombi haliendi. Akifikia B1 anapata 2 badala ya 1, na anatimiza 6. Kwa mtu huyu, swali zima la kwenda au kutokwenda Ujerumani limekuwa swali la kozi ya lugha, na hiyo anaweza kuisoma katika Taasisi ya Goethe, Dar es Salaam, kabla ya kumlipa yeyote kitu kingine. Tunaona faraja katika hesabu ya namna hii kwa sababu inampa mtu kazi ya kufanya, na kazi yenyewe iko mikononi mwake.

Fedha ndiyo ngumu. Kwa mwaka 2025 anatakiwa kuthibitisha euro 1,091 za kujikimu kwa kila mwezi, na kwa kawaida huziweka katika akaunti maalumu iliyofungwa. Kadi hii pia haimpi muuguzi ruhusa ya kufanya kazi ya uuguzi. Taaluma hiyo inalindwa na sheria, na mwenye nayo lazima apate kwanza utambuzi wa cheti chake katika jimbo husika.

Oktoba 2025

Sura ya Ghuba imekuwa fupi kuliko tulivyotarajia, ingawa ndiyo inayogusa watu wengi. Masharti ya kuingia hayana ugumu mkubwa: umri, uchunguzi wa afya katika kituo kilichoidhinishwa, mkataba, na viza inayotolewa kwa ombi la mwajiri. Ugumu uko katika aina ya viza. Viza ya matembezi hairuhusu kazi, hata kama mwenyeji ameahidi kuibadilisha mtu akishafika. Viza ya kazi za ndani haimruhusu mtu kuuza dukani, na pia humweka chini ya sheria tofauti na ile ya wafanyakazi wengine.

Tumesisitiza jambo ambalo matangazo hayalitaji: chini ya mfumo wa kafala, ruhusa ya kufanya kazi na ya kukaa nchini imefungamanishwa na mwajiri mmoja, hivyo anayeondoka kwake bila utaratibu anaweza kuwa amepoteza vyote viwili siku hiyohiyo. Nchi kadhaa zimeulegeza mfumo huo. Oman imelegeza sharti la barua ya mwajiri ya kutokuwa na pingamizi mfanyakazi anapohamia kwa mwajiri mwingine tangu Januari 2021, na Saudi Arabia ilifanya mabadiliko Machi 2021, lakini mabadiliko ya Saudi Arabia hayakuwagusa wafanyakazi wa nyumbani, ambao ndio wanaotoka kwetu kwa wingi. Katika Umoja wa Falme za Kiarabu, sheria ya kazi iliyoanza Februari 2022 inamkataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kuajiriwa. Kwa upande wa hapa nyumbani, wakala binafsi wa ajira anatakiwa kuwa na leseni chini ya kanuni za mwaka 2014, na tumewaelekeza wasomaji wamuulizie wakala huyo kwa TaESA, chombo cha serikali cha huduma za ajira, kwa jina la kampuni lililoandikwa kwenye mkataba, maana jina la mtu aliyewapigia simu halithibitishi chochote.

Januari 2026

Kuanzia tarehe 8 mwezi huu, anayeomba kwa mara ya kwanza viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi ya Uingereza anatakiwa kuwa na Kiingereza cha ngazi ya B2. Awali ilikuwa B1. Ukurasa umerekebishwa. Tumeongeza maelezo kwamba muuguzi ambaye lugha yake imekwisha kupimwa kwa ajili ya usajili wa Baraza la Uuguzi na Ukunga la Uingereza halazimiki kuithibitisha tena kwa idara ya uhamiaji. Kiwango cha baraza hilo kwa mtihani wa Kiingereza uitwao IELTS ni 7 katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika, na bila hicho usajili haupatikani, hata mwajiri awe na leseni na nafasi iwepo.

Nakala zilizochapishwa ziko mezani ofisini, na faili ya simu inagawiwa bure katika makundi yaleyale yanayosambaza matangazo. Sura inayofuata ni ya Kanada. Tutaianza na tathmini ya soko la ajira iitwayo LMIA, ambayo mwajiri huilipia dola 1,000 za Kanada kwa kila nafasi na haruhusiwi kumdai mfanyakazi fedha hizo, kisha tueleze kwamba tangu tarehe 25 Machi 2025 ofa ya kazi haiongezi tena alama katika Express Entry, mfumo wa Kanada wa kuchagua wahamiaji wenye ujuzi kwa alama. Tayari tumeletewa barua za ofa zinazouzwa kwa ahadi ya alama hizo, na tunataka ukurasa huo utoke kabla hazijalipiwa.